Jicho Lisiloharakia: Eastlands, Historia ya Kutazamwa na Sanaa ya Wajukuu

Uhakiki wetu umezoea kuuliza kazi ya sanaa inasema nini kabla ya kuuliza inatazamwaje. Makala haya yanashikilia kwamba, kwa kazi zinazotoka mashariki ya Nairobi, swali la pili ndilo la msingi. Mitaa ya Eastlands ina historia ndefu ya kutazamwa kwa haraka, na michoro ya huko haiwezi kuhakikiwa ipasavyo pasipo kuizingatia historia hiyo.

Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi ya Waafrika, mwanamume aliyeishi humo alikuwa tayari mtu wa kukaguliwa. Sheria ya usajili ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu kubeba kipande chenye jina lake, alama za vidole na habari za waajiri wake. Askari hakuhitaji kumtazama mtu, alisoma kipande. Utazamaji huo ulifikia kilele chake tarehe 24 Aprili 1954, ilipoanza Operesheni Anvil. Majeshi yaliuzingira mji, watu wakatolewa majumbani, na wengi wakapitishwa mbele ya wapelelezi waliofunikwa magunia yaliyotobolewa matundu ya macho. Mpelelezi akitikisa kichwa, mtu alikwenda kizuizini. Waliozuiliwa katika operesheni hiyo walipindukia 20,000. Kutupiwa jicho mara moja kuliweza kuamua miaka ya maisha ya mtu.

Ni katika mashariki hiyohiyo, huko Mukuru, kandokando ya Eneo la Viwanda, ambako kikundi cha Wajukuu kilianzishwa mwaka 2004. Shabu Mwangi, mmoja wa waasisi wake, huchora miili iliyopindika na nyuso ambazo mipaka yake haijatulia. Mtazamaji anayetafuta sura ya kuitambua haipati papo hapo. Hana budi kurudi, kufuata rangi iliyolala juu ya rangi, na kujiuliza kama ameona uso mmoja au zaidi. Mchoro wa namna hii unakataa kuwa kipande: haumkabidhi mkaguzi jina na namba ili aende zake.

Mwaka 2022 kikundi hicho kilialikwa katika maonyesho ya documenta, mjini Kassel, Ujerumani, kikatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Mgeni aliingia ukumbini kwa kupita njia ya mabati yenye giza, iliyokumbusha vibanda vya Mukuru na manyatta za Wamaasai. Jicho lililotoka kwenye mwanga lilihitaji muda kabla ya kuona. Polepole ikawa sharti la kuingia. Humo ndani Ngugi Waweru alionyesha visu vilivyolika kwa kunolewa, chini ya jina litokanalo na methali ya Kigikuyu isemayo kwamba kisu kikali humkata mwenyewe. Methali hiyo, ambayo mhakiki wa fasihi angeieleza kwa sentensi moja, hapo ilidai kuangaliwa kisu kwa kisu.

Viktor Shklovsky, mmoja wa Wanaumbuji wa Urusi, alidai mwaka 1917 kwamba kazi ya sanaa ni kuvunja mazoea kwa kurefusha muda wa kuona. Nadharia hiyo yatufaa, lakini haitoshi. Kwake yeye adui ni mazoea. Kwa Eastlands adui alikuwa pia mamlaka. Kumtazama polepole mtu aliyezoea kukaguliwa ni suala la haki, si la ujumi peke yake.

Huenda msomaji akahoji kwamba kutazama polepole ni anasa ya wenye nafasi. Hoja hiyo ina uzito, hasa tukikumbuka kuwa wageni wa Kassel hawaishi Mukuru. Hata hivyo, Wajukuu huwafundisha watoto wa Mukuru kuchora, na hakuna achoraye kitu asichokitazama kwa makini. Mtoto achoraye uso wa jirani yake anajifunza jambo ambalo mvaa gunia wa 1954 hakutakiwa kulifanya.

Uhakiki wa Kiswahili nao hauna budi kujihoji. Mara ngapi tumeusoma mchoro, au hata shairi, tukaandika “umaskini”, “ukoloni” au “ufisadi”, kisha tukafunga daftari? Orodha ya dhamira isiyotanguliwa na maelezo ya mstari, rangi na umbo ni ukaguzi wa kipande kwa jina jingine. Mhakiki na aeleze kwanza alichokiona, na mahali ambapo jicho lake lilikwama. Dhamira itasubiri.