Kabla Reli Haijafika: Historia ya Makutano ya Reli na Barabara Mijini Afrika Mashariki na Funzo Lake kwa Juba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi makutano ya reli na barabara yalivyozuka katika miji ya Nairobi na Dar es Salaam, na gharama iliyofuata ya kuyaondoa kwa barabara za juu, njia za chini na madaraja ya reli. Hoja kuu ni kwamba tatizo hilo lilitokana na mfuatano wa nyakati: reli ilitangulia, mji ukaifuata, na uamuzi wa kutenganisha njia ukaja mwisho. Mfuatano wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, ni tofauti: mji umekwishakuwapo, reli bado. Inapendekezwa kwamba hifadhi ya reli na mahali pa kuvukia viamuliwe mapema, kwa utaratibu unaolinda haki za watu wanaoishi katika ardhi hiyo.

1.0 Utangulizi

Juba haina reli. Njia ya reli iliyoingia katika ardhi ya Sudan Kusini ni ile iliyotoka Babanusa na kufika Wau mwanzoni mwa miaka ya 1960. Upande wa kusini, reli ya Uganda ilifika Pakwach, ukingoni mwa Nile, mwaka 1964, ikakomea hapo. Juba ikabaki kati ya ncha hizo mbili, ikihudumiwa na vyombo vya mtoni na barabara. Kwa hiyo, kuzungumzia barabara za juu ya reli mjini Juba kwaweza kuonekana kuwa ni kukata mbeleko kabla mwana hajazaliwa.

Hata hivyo, mipango ya reli ipo. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki wa Kenya, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua mjini Lamu mradi wa ushoroba wa LAPSSET, ambao sehemu yake ni reli ya kuelekea Juba. Mei 2014, viongozi wa Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini walikutana Nairobi kuhusu reli ya kisasa ya kutoka Mombasa, ambayo tawi lake moja lilikusudiwa kupita Nimule hadi Juba. Vita vilivyozuka Desemba 2013 na uhaba wa fedha vimeichelewesha mipango hiyo. Swali linaloshughulikiwa hapa si lini reli itafika, bali itaukuta mji wa namna gani.

2.0 Nairobi: Mji Uliozaliwa na Reli

Reli ya Uganda iliyoanzia Mombasa ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Mahali hapo palikuwa uwanda wenye majimaji, ambapo wahandisi waliweka karakana na ghala kabla ya kuukabili mteremko wa Bonde la Ufa. Mji ulizuka kuizunguka stesheni. Viwanda viliwekwa kusini mwa reli, ofisi na maduka kaskazini, na makazi ya wafanyakazi Waafrika, kama Pumwani, mashariki. Reli ikawa mpaka ndani ya mji, na kwa wengi kwenda kazini kukawa ni kuuvuka mpaka huo kila siku.

Maadamu treni na magari yalikuwa machache, geti na mlinzi vilitosha. Hali ilibadilika pale mitaa ya mashariki ilipopanuka bila madaraja kuongezwa kwa kasi hiyohiyo. Asubuhi ya 30 Oktoba 2013, basi liligongana na treni ya abiria katika makutano ya Mutindwa, eneo la Umoja, na watu wasiopungua 11 wakafariki.

Kibera inaonyesha sura ya pili ya tatizo. Reli ya kuelekea magharibi hupita katikati ya makazi; vibanda vya biashara vimejipanga hatua chache kutoka relini, na tuta la reli limekuwa njia ya waendao kwa miguu. Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, reli iling'olewa hapo na mizigo ya kwenda Uganda ikakwama. Baadaye ulihitajika mradi maalumu, uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, ili kuwahamisha na kuwapa makazi mapya watu waliokuwa ndani ya hifadhi ya reli katika maeneo ya Kibera na Mukuru. Ardhi ya reli isiyolindwa mapema hununuliwa mara ya pili, na safari hii kwa bei ya makazi ya watu.

3.0 Dar es Salaam: Kutoka Geti hadi Daraja la Reli

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ikaongeza njia ya pili. Barabara za mji uliopanuka zilizikata reli hizo mahali pengi kwa usawa wa ardhi. Lugha yenyewe imeihifadhi historia hiyo: Dar es Salaam ina Tabata Relini, na Dodoma ina kata iitwayo Tambukareli.

Oktoba 2012 treni za abiria za mjini zilianzishwa Dar es Salaam ili kupunguza msongamano barabarani. Hapo ndipo ulipodhihirika ugumu wa makutano ya usawa mmoja. Treni ya masafa marefu huyafunga mara chache kwa siku. Treni ya mjini huyafunga asubuhi na jioni, saa zilezile ambazo barabara zimejaa. Kadiri huduma ya reli inavyoboreshwa, ndivyo barabara inavyosimama zaidi.

Septemba 2018 ilifunguliwa barabara ya juu ya Mfugale katika makutano ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Japani. Iliitenganisha Barabara ya Nyerere na ile ya Mandela, yaani barabara na barabara. Kutenganisha reli na barabara kulikuja na reli ya kisasa, ambayo katikati ya jiji imepandishwa juu ya daraja lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, na kwingineko barabara zimepitishwa juu au chini yake. Treni za umeme zilizoanza kubeba abiria mwaka 2024 hazisubiriani na magari. Uamuzi huo ulifanyika kwenye mchoro, kabla ya zege kumwagwa. Uliwezekana pia kwa sababu njia mpya, kwa sehemu kubwa ya mji, iliambaa na hifadhi ya reli ya zamani. Ukanda uliotengwa karne moja kabla ndio uliokuwa mtaji.

4.0 Sheria Kutangulia Ujenzi

Japani, ambayo mkono wake unaonekana katika miundombinu ya Dar es Salaam na ya Juba pia, ilipitia njia hiyohiyo kwa gharama kubwa. Mwaka 1961 ilitunga sheria ya kuboresha makutano ya reli na barabara, na tangu hapo zaidi ya nusu ya makutano hayo yameondolewa. Melbourne, nchini Australia, ilianza mwaka 2015 mpango wa kuondoa makutano 50, idadi iliyoongezwa baadaye. Nchi hizo tajiri zinalipia leo maamuzi ya karne ya 19. Nchi yenye hazina finyu haiwezi kutegemea kwamba nayo itarekebisha baadaye.

5.0 Juba: Mji Unaoisubiri Reli

Njia zote mbili zinazopendekezwa huijia Juba kutoka mashariki: moja kupitia Kapoeta na Torit, nyingine kupitia Nimule. Mji wa zamani uko ukingo wa magharibi wa Nile. Kwa miongo kadhaa uliunganishwa na mashariki kwa daraja moja la chuma lililojengwa miaka ya 1970. Daraja la Uhuru, lililogharimiwa na Japani, lilianza kujengwa mwaka 2013, kazi ikakatizwa na vita, na likafunguliwa Mei 2022. Barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, yenye kilomita 192 na iliyokamilika mwaka 2012, ndiyo mshipa mkuu wa bidhaa zinazotoka Kenya na Uganda. Huingia mjini kupitia Gumbo. Reli ikija, nayo itaelekea hapohapo. Mgogoro wa reli na barabara mjini Juba unaweza kutabirika tangu sasa, na mahali pake panajulikana.

Chaguo ni mawili. La kwanza ni kuikomesha reli ukingo wa mashariki, pamoja na bandari kavu. Mji wa zamani utaepuka makutano, lakini malori yataelemea madaraja. La pili ni kuivusha reli juu ya Nile kwa daraja lake, kisha kuipitisha juu ya mitaa. Kwa vyovyote, Gumbo na Sherikat zitahitaji mahali pa kuvukia.

Hesabu ya ardhi ni rahisi. Barabara ikipaswa kupanda mita 8 ili kuivuka reli, kwa mwinuko wa asilimia 5, itahitaji mita 160 kila upande, mbali na daraja lenyewe. Njia ya chini huhitaji nafasi ndogo zaidi, lakini Juba hupata mvua kwa miezi mingi ya mwaka na hukatwa na vijito vya msimu ambavyo wenyeji huviita khor. Njia ya chini isiyo na mitaro na pampu zinazotunzwa hugeuka bwawa, na waendao kwa miguu hurudi kukatiza relini.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa haki. Sensa ya 2008 ilihesabu takriban watu 368,000 katika kaunti ya Juba, na tangu hapo mji umepanuka sana, ukipokea waliorejea kutoka uhamishoni na waliokimbia vita. Sheria ya Ardhi ya 2009 inatambua ardhi ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Jamii ya Bari ina madai ya kimila katika sehemu kubwa ya viunga vya mji. Wakazi wengi hawana hati. Hifadhi ya reli ikitangazwa bila wao kusikilizwa, itaonekana kuwa ni bomoabomoa kwa jina jipya. Isipotangazwa, nyumba zitaendelea kujengwa mahali ambapo siku moja zitavunjwa, na wenye hasara kubwa watakuwa walewale.

6.0 Hitimisho

Historia ya Nairobi na Dar es Salaam inaelekeza kwenye mambo matatu. Kwanza, ukanda wa reli na nafasi za miinuko ya barabara uchorwe katika ramani ya mji na kuwekwa alama ardhini kabla ya mkataba wowote wa ujenzi, kwa makubaliano na jamii zenye ardhi na fidia iliyo wazi. Pili, iwe kanuni kwamba hakuna makutano mapya ya usawa mmoja ndani ya mipaka ya mji, na kwamba gharama za kuvukia ziwe sehemu ya gharama za reli, si mzigo wa halmashauri baadaye. Tatu, vivuko vya waendao kwa miguu vipangwe kwa kufuata njia wanazotumia tayari kwenda sokoni, shuleni na mtoni.

Hakuna kati ya haya kinachohitaji treni iwe imefika. Mbeleko ya Juba ni ardhi, na ardhi, tofauti na kitambaa, hupungua kila mwaka inaposubiriwa.