Mwanasheria wa halmashauri ni wakili wa nani? Kisa cha Westminster



Binamu yangu mmoja aliwahi kuwa mwanasheria wa halmashauri huko pwani (ipi, haina haja kuitaja). Siku moja aliniambia: "Sisi hatuulizwi kama jambo lafaa. Tunaulizwa tulipitishe vipi." Mie nikacheka tu. Nilikuja kulielewa neno hilo baadaye, nilipoisoma hukumu ya Westminster, mojawapo ya kesi kubwa za serikali za mitaa hapa Uingereza. Nimeona niwaandikieni habari yake, manake wengi wetu tulio London tunapita Harrow Road kila siku na hatujui yaliyotendeka pale.

Turudi Mei 1986. Uchaguzi wa halmashauri ya jiji la Westminster, madiwani 60. Wahafidhina waliponea chupuchupu, wakabaki na wingi wa viti 4 tu. Kiongozi wao alikuwa Shirley Porter, binti wa Jack Cohen aliyeanzisha maduka ya Tesco, mama mwenye mali na mwenye amri. (Ndiyo halmashauri hiyo hiyo iliyouza makaburi matatu mwaka 1987 kwa jumla ya peni 15. Sikukosea kuandika, peni!) Waliogopa kwamba uchaguzi wa 1990 watang'oka, wakazichagua kata 8 ambazo kura zake zilikaribiana. Mpango ukawa huu: mpangaji wa nyumba ya halmashauri akihama, nyumba isipewe aliyeko kwenye foleni, bali ifungwe mpaka ipate mnunuzi kwa bei ya punguzo. Hesabu yao ilikuwa nyepesi, kwamba anayenunua ataipigia kura Wahafidhina na anayepanga ataipigia Leba. Wakaupa mpango jina zuri, lenye maana ya kujenga jamii imara. Lengo: nyumba 250 kwa mwaka katika kata zile 8.

Hapo ndipo anapoingia mwanasheria. Mei 1987 halmashauri ilitaka rai ya wakili mkuu wa nje, mwenye cheo cha QC. Naye akajibu bila kupindapinda: hamwezi kuuza katika kata hizo peke yake, nyumba za kuuza lazima zichaguliwe kwa sababu halali na katika jiji zima. Basi unadhani mpango ulikufa? La hasha. Walikaa wakapiga hesabu upya: ikiwa twataka 250 katika zile 8, na tuuze 500 jiji zima, 250 zitaangukia pale pale. Tarehe 8 Julai 1987 kamati ya nyumba ikapitisha. Kwenye karatasi kila kitu safi, jiji zima, hakuna kata iliyobaguliwa.

Sasa jamani, tulieni kidogo hapa, manake watu wengi wakisikia mgongano wa maslahi hufikiria bahasha chini ya meza. Hapa hapakuwa na bahasha. Wakili yule hakula rushwa, tena alijibu sawasawa. Lakini jibu lake lilichukuliwa kama ramani ya kuonyesha ua uko wapi ili watu wauzunguke. Na miaka mingi baadaye, mambo yalipoharibika, utetezi ukawa: sisi tulifuata ushauri wa kisheria. Mwanasheria kageuzwa mwavuli!

Na tazameni hali ya mwanasheria aliyeajiriwa ndani. Mteja wake kisheria ni halmashauri, yaani chombo chote, madiwani wa upinzani wakiwamo, na nyuma yao wakaazi wanaolipa kodi. Lakini anayemwona kila asubuhi ni kiongozi wa chama kinachotawala. Huyo ndiye anayemwita, ndiye mwenye usemi juu ya kazi yake. Akimwambia hapana mara moja ni mshauri mzuri, akimwambia mara tatu ni mtu mgumu asiyeshirikiana. Mie simlaumu binamu yangu.

Bunge la Uingereza liliona tatizo hili. Kamati ya Widdicombe ilitoa ripoti mwaka 1986, na kutokana nayo ikaja sheria ya 1989 iliyotaka kila halmashauri iwe na afisa maalumu wa kusimamia uhalali. Kazi hiyo mara nyingi hushikwa na mwanasheria mkuu wa halmashauri. Afisa huyu akiona uamuzi unakwenda kuvunja sheria hangoji kuulizwa, ni wajibu wake kuandika ripoti kwa madiwani wote, nao lazima waijadili ndani ya siku 21, na jambo lenyewe husimama mpaka wamalize. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko hata kesi yenyewe, kwani ilimtoa mwanasheria kwenye swali la "tulipitishe vipi".

Westminster ilikuwa imeshatangulia. Mwaka 1989 wakaazi kadhaa walimpelekea pingamizi mkaguzi wa hesabu, John Magill. Mwaka huo huo zaidi ya familia 100 zisizo na makaazi zilikuwa zimetiwa katika maghorofa mawili, Hermes Point na Chantry Point, yaliyokuwa na asbesto. Tukisoma mambo ya kamati na rai za mawakili tusisahau kwamba mwisho wa karatasi zile kulikuwa na watoto wanalala humo.

Mwaka 1996 Magill aliamua kwamba watu sita walipe takriban pauni milioni 31. Mwaka 1997 mahakama ikabakisha wawili, Porter na naibu wake David Weeks, na zaidi ya pauni milioni 26. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufaa ikawafutia, majaji wawili kwa mmoja, na ule mwavuli wa wakili ulifanya kazi kubwa hapo. Tarehe 13 Disemba 2001 Baraza la Malodi likarudisha deni lote. Malodi walisema kwamba wakili hakuwahi kuwaambia kuwa ni halali kuuza mali ya umma kwa ajili ya kura, na wenyewe walijua nia yao. Lodi Scott aliuita ufisadi wa kisiasa, ingawa hakuna aliyetia fedha mfukoni.

Na kuna kichekesho kidogo. Magill naye alishtakiwa kwa upendeleo, kwa vile mwaka 1994 aliitisha waandishi na kamera za televisheni akatangaza matokeo ya awali kabla hajasikiliza upande wa pili. Malodi walikiri kwamba alikosea, lakini wakauliza: mtu mwadilifu, mwenye kuzijua habari zote, angeona kweli kuna uwezekano wa upendeleo? Wakajibu hapana. Kipimo hicho sasa hutajwa hata katika mahakama za Kenya.

Porter, aliyekuwa kahamia Israel, alilipa pauni milioni 12.3 mwaka 2004, na deni pamoja na riba lilikuwa limefika kama milioni 42. Adhabu ile ya kumlipisha diwani kwa mkono wa mkaguzi ilifutwa na sheria ya mwaka 2000. Yale maghorofa yamebomolewa. Afisa wa uhalali bado yupo, lakini tangu 2015 ulinzi wake umelegezwa: zamani hakufukuzwa bila pendekezo la mchunguzi huru, siku hizi kuna jopo la kutoa ushauri, kisha madiwani wanapiga kura.

Kenya nayo imetunga sheria ya mwanasheria wa kaunti mwaka 2020. Anateuliwa na gavana, bunge la kaunti likiidhinisha. Mlio wanasheria huko, hebu tuambieni: gavana wenu akiitaka rai, huuliza swali gani?

Wasalaam.