Nyuzi Sita, Kwaya Moja: Safari ya Gitaa Letu Kutoka Sikio Hadi Taa



Kamati ya jubilei iliponiomba niandike historia ya ala za kwaya yetu, nilidhani nitaandika juu ya kinanda na harambee iliyokinunua. Lakini wazee niliowauliza walinirudisha kila mara kwenye kitu kidogo kuliko kiberiti: kile kifaa kinachobanwa kwenye kichwa cha gitaa na kuwasha taa. Vijana hukiita tyuna. Nimegundua kwamba ukieleza kilivyotufikia, umeeleza nusu ya historia yetu.

Tuanze mbali kidogo. Wamishonari Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao Rabai mwaka 1846. Baadaye, makanisa na shule zilipoenea pwani, walimu wa kwaya walifundisha kwa solfa, mtindo ambao John Curwen wa Uingereza aliueneza katika karne ya 19. Katika solfa ya namna hii, do haina makao. Mwalimu huitoa kwa koo lake, juu au chini kulingana na waimbaji alio nao, na sauti nne zikamfuata. Kayamba na ngoma nazo hazigombani na do ya mtu. Kwaya ya namna hiyo haihitaji kipimo cha nje. Mwalimu akiamka na koo zuri, inatosha.

Kisha likaja gitaa. Katika miaka ya 1950 Fundi Konde, mwana wa pwani hii hii, aliyewahi kuwatumbuiza askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa miongoni mwa wapigaji wa kwanza wa gitaa la umeme nchini Kenya. Gitaa likapendwa dansini, na kwa wakati wake likaingia kanisani. Mpigaji wetu wa kwanza, ambaye sote tunamwita Babu, alilitengeneza kwa sikio. Alikaza uzi mmoja mpaka umridhishe, akabana nafasi ya tano kwenye shingo, akalinganisha uzi unaofuata, na kuendelea hivyo. Isipokuwa kwenye uzi wa G: hapo alibana nafasi ya nne ili kuupata B. Gitaa likawa na amani na nafsi yake, na sisi tukalifuata.

Kinanda cha umeme kilikuja na msimamo wake. A yake ya katikati hutetema mara 440 kwa sekunde, iwe kusi au kaskazi. Gitaa haliko hivyo. Joto hulegeza nyuzi, unyevu huvimbisha mbao, na hewa ya chumvi hushika nyuzi za chuma kutu mpaka zikose sauti ya kweli.

Wengi mnaikumbuka ile harusi. Gitaa lilisafiri juani nyuma ya pikapu, likafika limeshuka. Babu alilipatanisha lenyewe kwa lenyewe, wala hakupata nafasi ya kulilinganisha na kinanda. Bibi harusi alipoingia, tena na besi tulifuata gitaa, soprano na alto wakafuata kinanda. Sitaeleza zaidi. Waliokuwepo walisikia.

Baada ya siku ile maneno yalianza: mzee amechoka, sikio limekufa, amwachie kijana. Kweli, masikio yake yalikuwa yamepungua nguvu, hasa kukiwa na kelele za watu wanaofanya mazoezi ya koo. Jumapili mbili hakuonekana. Ilikaribia tumpoteze mtu aliyefundisha nusu ya kwaya hii kushika gitaa.

Aliyemrudisha ni binti mmoja wa soprano, aliyemwendea nyumbani na tyuna mfukoni. Babu akamwuliza, "Sasa mjukuu wangu, nitaimba kwa macho?" Binti akamjibu, "Hapana Babu, utakaza nyuzi kwa macho. Kuimba utaimba kama kawaida."

Kifaa kile kina ukoo mrefu. Mwaka 1711 mpiga tarumbeta wa Uingereza, John Shore, alibuni uma wa sauti, chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga hutoa sauti ileile kila mara. Lakini kila mji ulikuwa na A yake. Ufaransa iliweka 435 kisheria mwaka 1859, na mkutano wa London wa mwaka 1939 ukakubaliana juu ya 440. Mwaka 1936 kampuni ya Conn ya Marekani ilikuwa imeanza kuuza mashine kubwa ya kuonyesha sauti kwa mwanga, na mwaka 1975 Korg ya Japani ikatoa ya kushikwa mkononi, yenye sindano.

Tyuna yetu ya kubana haisikilizi hewa. Inahisi mtetemo wa mbao. Ndiyo maana kelele za kwaya haziisumbui. Uzi wa A ukitetema mara 110, oktava mbili chini ya ile 440, sindano husimama katikati na taa huwa kijani. Nusutoni moja imegawanywa senti 100, kama shilingi, na tyuna huonyesha umepungukiwa au umezidisha senti ngapi. Vijana, shikeni haya: hakikisheni kioo kinaonyesha 440, uzi ukizidi, ulegezeni chini kwanza, kisha mpande nao taratibu mpaka katikati, mkimaliza wa sita, rudieni wa kwanza.

Babu alirudi Jumapili iliyofuata. Alikaza nyuzi akitazama taa, gitaa na kinanda vikasema neno moja, na yale maneno ya pembeni yakaisha.

Lakini alituachia somo lingine. Siku moja, ala zikiwa zimenyamaza, alto walishikilia mi kwa utulivu mkubwa, na kijana mmoja akawaelekezea tyuna ya simu. Ilionyesha wako chini, akataka kuwasahihisha. Babu akamzuia. Kwaya ikiimba bila ala na kusikilizana vizuri, mi yake huelekea kushuka karibu senti 14 chini ya ile ya kinanda, na ndipo sauti hukaa pamoja kwa utamu. Kinanda kimegawa sauti zake sawasawa ili kiweze kupiga kila ufunguo. Koo la mtu halijafungwa hivyo.

Basi tunaposherehekea jubilei, kabla ya wimbo wa kwanza mtamwona mzee ameinama juu ya gitaa, akitazama taa ndogo. Mpeni nusu dakika. Ikiwa kijani atainua kichwa, na zamu ya kusikilizana itakuwa yetu.