Umiliki wa Gazeti la The Standard, 1930–1972: Mwenye Mali, Mhariri na Msomaji wa Masasi na Newala

Mjadala kuhusu umiliki wa magazeti nchini Tanzania mara nyingi huishia kwenye swali la nani alikuwa mwenye mali. Historia ya The Standard inaonesha kuwa swali hilo halitoshi: mmiliki anaweza kubadilika huku msomaji anayekusudiwa akibaki yuleyule.

Gazeti hilo lilianza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1930 kwa jina la Tanganyika Standard, chini ya kampuni ya East African Standard ya Nairobi. Liliandikwa kwa Kiingereza, likiwalenga hasa walowezi, maofisa wa kikoloni na wafanyabiashara. Katika miaka ya 1960 liliingia mikononi mwa kampuni ya Lonrho ya London.

Tarehe 5 Februari 1970 Rais Julius Nyerere alilitaifisha. Mwongozo wake ulilitaka liunge mkono ujamaa, lakini ukaliruhusu kukosoa utekelezaji. Rais mwenyewe alikuwa Mhariri Mkuu; Frene Ginwala, raia wa Afrika Kusini, akawa mhariri mtendaji. Mipaka ya ruhusa hiyo ilidhihirika mwaka 1971, Ginwala alipoondolewa baada ya tahariri iliyoilaani serikali ya Nimeiry kwa kuwanyonga wakomunisti wa Sudan.

Tarehe 26 Aprili 1972 The Standard liliunganishwa na The Nationalist, gazeti la TANU, likazaliwa Daily News. Mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyesoma Ndanda na Makerere, na aliyehariri The Nationalist na Uhuru tangu 1966. Uteuzi huo uliifanya mali ya dola iongozwe na kalamu iliyolelewa na chama. Vilevile ulimweka mwana wa kusini kwenye kiti kilichowahi kukaliwa na wageni.

Hata hivyo, lugha haikutaifishwa. Mkulima wa korosho wa Newala aliyejua kusoma Kiswahili tu alihesabiwa kuwa mmiliki wa gazeti asiloweza kulisoma. Aliyemfikia kwa lugha yake ni Uhuru, mali ya chama. Kampuni ileile ya serikali ilianzisha gazeti la Kiswahili, HabariLeo, mwaka 2006, miaka 36 baada ya utaifishaji. Kwa hiyo, umiliki wa umma hauna budi kupimwa kwa hati za kampuni pamoja na lugha ambayo umma unazungumzishwa.