Kwa Heri ya Mwalimu: Historia Fupi ya Kuagana Katika Kambi Yetu



Katika toleo hili la kumbukumbu Kamati imeona vema tuandike juu ya jambo linalojulikana katika kila bloki: jinsi walimu wetu wanavyotuaga. Wapo waliofundisha ugenini miaka 5, wapo wa miaka 10, na wapo waliopita 20. Siku ya kuondoka ikifika huombewa, hupigwa picha, jirani hupika, machozi hutoka, kisha gari huondoka. Jumatatu inayofuata watoto huingia darasani na mbele ya ubao hakuna mtu. Hiyo Jumatatu ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

TULIKOANZIA

Mahali hapa wilayani Dowa, kilomita zipatazo 40 kaskazini ya Lilongwe, palikuwa gereza la wafungwa wa siasa zama za Rais Kamuzu Banda. Jina lenyewe ni la Kichewa na maana yake ni kuacha: aliyefungwa humu alitakiwa aseme kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994 pakafunguliwa kambi ya wakimbizi. Burundi ilikuwa imeingia vitani baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Rwanda ikapatwa na mauaji ya kimbari mwaka 1994, na Kongo ikafuata kwa vita vya 1996 na 1998. Kambi iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 14,000 imefika kuwa na zaidi ya 50,000.

Mwaka huohuo wa 1994 Malawi ilifuta ada katika shule za msingi. Wanafunzi wakaongezeka ghafla kutoka milioni 1.9 hadi karibu milioni 3, na serikali ikalazimika kuajiri maelfu ya walimu ambao hawakuwa wamesomea ualimu. Kwa hiyo tukumbuke jambo hili kwa shukrani: wenyeji wetu walitupokea wakati wao wenyewe wakiwa na uhaba mkubwa wa walimu.

Kati yetu walikuwamo walimu. Aliyezoea kufundisha hesabu kwa Kifaransa kule Uvira au Bujumbura alikuta hapa mtaala wa Malawi, darasa la 1 hadi la 8, kisha kidato cha 1 hadi cha 4, na mitihani ya Kiingereza. Ikambidi ajifunze maneno usiku ili ayafundishe asubuhi. Kichewa alikipata kwa wanafunzi wake, maana watoto wa vijiji vya jirani husoma pamoja na wa kwetu. Kitabu kilisema Kiingereza, lakini somo lilipokuwa gumu, Kiswahili ndicho kilicholifungua.

Kazi hiyo haikuwa ya mshahara. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwezi Desemba 1987, iliweka kando vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira, elimu na uhuru wa kukaa mahali mtu apendapo. Ndiyo maana mwalimu mkimbizi hupewa ile posho tunayoiita insentivu. Hata hivyo shule ziliendelea. Kwa miaka mingi Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, yaani JRS, limesimamia elimu kambini, na mwaka 2010 Dzaleka ikawa pamoja na Kakuma ya Kenya miongoni mwa kambi za kwanza kupata masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti, diploma ikitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Baadhi ya vijana waliokaa kwenye madawati yetu wakaanza kusomeshwa elimu ya juu bila kutoka kambini.

NJIA ZA KUONDOKA

Mwalimu huondoka kwa njia nyingi. Yupo anayerudi nchini kwake amani ikitulia. Yupo anayehamishiwa nchi ya tatu, Marekani, Kanada au Australia, baada ya kungoja miaka mingi. Faili lake haliulizi kama muhula umekwisha au kama watoto wa darasa la 8 wana mtihani mwezi ujao.

Ipo pia kwa heri isiyotajwa sana. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi kambini, na mwezi Mei msako ukaanza. Wenzetu wa Lilongwe, hata wale wa Nsungwi kule Area 25, waliacha nyumba, maduka, na majirani Wamalawi walioishi nao kama ndugu. Watoto waliacha shule katikati ya mwaka. Kuaga kwa namna hiyo si kuaga, kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kumshukuru mwenyeji wake.

Na iko kwa heri iliyorudi mlangoni. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Katika kambi nyingi za Afrika watu walikuwa wamekwisha kuuza vyombo na kuacha kazi, wakabaki na masanduku yaliyofungwa. Mwalimu wa namna hiyo hana haja ya maswali wala kicheko. Anahitaji kurudishiwa chaki yake.

MFANO WA MAZIMBU

Sisi si wa kwanza. Baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbilia nje. Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, karibu na Morogoro. Wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Walimu wake walikuwa Waafrika Kusini wenyewe, Watanzania, na wengine kutoka mbali.

Februari 1990 ANC ikafunguliwa nchini kwao, na safari ya kurudi ikaanza. Hawakufunga milango na kuondoka na funguo. Mwezi Julai 1992 walikabidhi kila kitu kwa Watanzania: madarasa, nyumba, hospitali. Waliacha pia makaburi ya wenzao. Leo Mazimbu ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na wanafunzi wa Kitanzania husoma katika majengo yaliyojengwa na wakimbizi. Hapo ndipo tunapoona maana ya kuaga vizuri: aliyeondoka ameondoka, na kengele ya shule bado inalia.

OMBI LA KAMATI

Tunajua kwamba wengi huficha safari. Wengine wanaogopa husuda, wengine wanaogopa kuaibika safari ikivunjika. Hatuwalaumu, na hatutaki siri ya mtu itangazwe sokoni. Ila tunaomba mambo matatu.

La kwanza, kila mwalimu awe na msaidizi anayekaa naye darasani tangu mwanzo wa mwaka, hata kama safari haijaonekana. La pili, daftari la mahudhurio, maandalio ya masomo na orodha ya watoto wenye shida vibaki shuleni, visipotelee katika mizigo. La tatu, mashirika yatie mafunzo ya warithi katika bajeti zao, kwa maana kambi inayofundisha watu ili waondoke lazima ifundishe bila kukoma.

Kwa mlioko mbali, ambao mlifundisha hapa: wanafunzi wenu wengine sasa ni walimu, na wanaandika kwenye ubao uleule. Asanteni. Kwa mnaojiandaa, nendeni salama. Na kwa ndugu zetu Wamalawi wa Dowa na Lilongwe, siku yetu sote ya kuaga ikifika, tungependa kuwaachia shule zenye walimu ndani yake.

Kamati ya Jamii, Dzaleka