Nta, Shahamu na Shaka

Januari 1857, katika kambi ya Dum Dum karibu na Calcutta, mfanyakazi wa karakana ya risasi, mtu wa tabaka la chini, alimwomba askari Mbrahmini, mtu wa tabaka la juu, amnyweshe maji kwa chombo chake. Askari akakataa, maana chombo kingenajisika. Yule mfanyakazi akamwambia kuwa hilo tabaka analolilinda litamtoka muda si mrefu, kwani atang'ata risasi zilizopakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Maneno hayo yakamfikia afisa wao, Kapteni Wright, naye tarehe 22 akayaripoti kwa maandishi.

Anayelijua gobori anajua kazi ya mafuta hayo. Baruti nyeusi haiungui ikaisha. Zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka moshi mzito na masizi, na masizi hayo huganda ndani ya mtutu hadi mdeki ukawa haushuki. Wawindaji wa Ulaya na Marekani waliokuwa na bunduki za mifuo, yaani zenye mifereji ndani ya mtutu, waliivika risasi kitambaa kilichopakwa mafuta. Kitambaa kilishika mifuo na kuziba upenyo, na mafuta yakalainisha masizi. Wengi walijichanganyia mafuta hayo wenyewe nyumbani, kwa vitu walivyokuwa navyo. Shahamu peke yake huyeyuka juani na kuilowesha baruti. Nta peke yake ni ngumu, haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 62 hivi. Ustadi ulikuwa katika kuzipatanisha.

Bunduki mpya ya askari hao, Enfield ya muundo wa 1853, ilifuata kanuni hiyo hiyo. Baruti na risasi yake vilikuja pamoja katika kifurushi cha karatasi, na upande wa risasi ulichovywa katika mafuta. Askari aliung'ata upande wa pili, akamimina baruti mtutuni, akageuza kifurushi, akaitia risasi pamoja na karatasi yake yenye mafuta, akachana iliyozidi, kisha akashindilia kwa mdeki. Meno yaligusa upande wa baruti tu. Lakini katika joto la Bengal mafuta hayakai mahali pamoja, na mkono ulioyashika ndio uliokwenda mdomoni. Kwa Mhindu, ng'ombe ni mtakatifu. Kwa Mwislamu, nguruwe ni haramu.

Hatari hiyo ilikuwa imeonekana mapema. Mwaka 1853, vifurushi vya majaribio vilipoletwa India, Kanali Tucker wa jeshi la Bengal alionya kwamba askari wenyeji wasipewe mpaka ijulikane mafuta yake hayakwazi imani zao. Onyo lake halikuzaa kitu. Kiwanda cha silaha cha Fort William kilinunua shahamu kwa mzabuni, na hakuna aliyehakikisha imetoka kwa mnyama gani.

Meja Bontein, afisa wa kambi, alipowapanga askari wa Dum Dum na kuwauliza malalamiko yao, wengi walijitokeza mbele. Ombi lao lilikuwa jepesi: wapewe nta na mafuta ya kawaida. Tarehe 27 Januari serikali ikakubali vifurushi vitolewe vikavu, kila askari apake mchanganyiko anaoutaka. Papo hapo afisa mmoja mkuu akauliza swali zito. Kwa miaka kadhaa, vikosi vyenye bunduki za mifuo vilikuwa vikitumia mafuta ya kondoo na nta bila manung'uniko. Je, amri hii haitawatia shaka hata wao?

Shaka ilikuwa imeshaingia. Mwezi wa Februari, mbele ya baraza la uchunguzi huko Barrackpore, askari walieleza hofu yao juu ya karatasi yenyewe: ni ngumu kama kitambaa, na ikichomwa inatoa sauti kama ya mafuta. Jenerali Hearsey, kamanda wao, aliwahutubia kwa lugha yao. Kanuni ikabadilishwa ili kifurushi kichanwe kwa mkono badala ya meno. Lakini watu hawa walikuwa na machungu mengine: ufalme wa Oudh, nyumbani kwa wengi wao, ulikuwa umetwaliwa mwaka 1856 na Kampuni ya East India, iliyowaajiri na kuitawala India. Kwao, kila marekebisho yalionekana kama njia ya kuficha jambo.

Tarehe 24 Aprili, huko Meerut, askari wapanda farasi 90 walipangwa kupokea vifurushi, na 85 wakakataa. Wengi wao walihukumiwa miaka 10 ya kazi ngumu, na tarehe 9 Mei wakavuliwa sare na kutiwa pingu mbele ya wenzao. Kesho yake Meerut ikaasi, na waasi wakashika njia ya Delhi. Uasi ukageuka vita, na vilipokwisha, utawala wa Kampuni ulikuwa umekwisha pia, na India ikawekwa chini ya malkia wa Uingereza.

Vifurushi walivyovikataa wale 85 havikuwa vya Enfield. Vilikuwa vile vya zamani walivyovizoea miaka yote, wala havikuwa na ile shahamu ya Fort William.