Risasi, majembe na wazee waliojua moto

Nimepotea wiki tatu, si kwa kupenda. Niko kwenye mazoezi ya kufundisha, shule haipo mbali na geto langu hapa Kiseke, na nani asiyejua mambo ya maandalio ya somo usiku halafu umeme unacheza. Leo nimepata nafasi, nawaletea historia. Wale wa Hisabati mnaweza kuvumilia, kuna namba kidogo ndani yake.

Nilikuwa kidato cha pili, mada ni Mirambo na biashara ya misafara. Nimeshaeleza mambo ya Urambo, rugaruga, na jinsi jamaa alivyoifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji mwaka 1871. Mkono ukanyooka kutoka dawati la nyuma: "Mwalimu, bunduki alinunua kwa Waarabu, sawa. Sasa alivyogombana nao, risasi alipata wapi?"

Swali zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kusikia kwenye semina zetu za chuo! Vitabu vyetu vinahesabu bunduki, vinahesabu pembe za ndovu, vinahesabu watumwa. Risasi haihesabiwi, kana kwamba inaota yenyewe ndani ya mtutu. Sehemu ya jibu ni rahisi: walikuwepo wafanyabiashara wengine, na misafara iliyotekwa ilikuwa na mali. Sehemu nyingine ya jibu ni watu, na hao ndio nataka tuwape heshima yao leo.

Kwanza neno lenyewe. Risasi kwa Kiswahili ni kile kitu kinachotoka kwenye bunduki, na pia ni ile metali nzito ya kijivu. Neno ni moja, limetoka kwenye Kiarabu, na halikuunganishwa kwa bahati. Gobore la karne ya 19 halikutumia risasi ya kiwandani yenye ganda la shaba kama za leo. Unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unaweka kitambaa, unatia gololi, unashindilia kwa fimbo. Gololi ni kipande tu cha risasi iliyoyeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu, ikapoa ikawa duara. Waswahili wana neno lake kabisa: kusubu. Nawaambia ukweli, hilo neno nimelikuta kwenye kamusi likiwa limekaa peke yake kama chumba cha wageni. Hata zile gololi tulizocheza utotoni zina jina la hiyo kazi.

Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu za Selisiasi. Chungu, kuni za kawaida, kalibu, basi. Mwindaji mwenyewe anaweza kuifanya nje ya nyumba yake jioni (ingawa moshi wake ni sumu, na enzi hizo nani angewaambia). Tatizo lilikuwa kuipata, kwa sababu ilibebwa mabegani kutoka pwani pamoja na baruti na nguo. Ikiadimika, mtutuni kiliingia chochote: kipande cha shaba, kipande cha chuma, hata jiwe. Na ukishasema chuma, mwindaji hawezi tena peke yake. Hapo lazima apige hodi kwa mhunzi.

(Msinielewe vibaya. Gobore bila kibali ni kosa, na mimi nataka kumaliza digrii nikiwa nje ya gereza.)

Tuangalie hizo namba nilizowaahidi. Risasi 327. Alumini 660. Shaba 1,085. Chuma 1,538. Jirani yangu hapa Kiseke anayeyusha alumini. Ananunua vyuma chakavu, sufuria zilizotoboka, vipande vya injini, anayeyusha na kumimina kwenye udongo wa mchanga aliousindilia vizuri, inatoka sufuria mpya. Nimekaa naye jioni kadhaa. Kinachonishangaza si moto wake, ni mdomo wake: hafichi kitu. Vijana watatu wanajifunza pale bila ada. Anawaonyesha rangi ya metali ikiwa tayari, anawaambia mchanga ukiwa na maji mengi utakulipukia usoni, na yule anayekosea anaanza upya bila kutukanwa. Nimesoma saikolojia ya elimu kozi mbili na sijaona somo la vitendo lililopangwa vizuri kama lile.

Lakini alumini ni nyuzi 660. Kuna watu wa kanda hii hii ya ziwa waliokwenda mbali zaidi kwa udongo, makaa na mapafu ya ngozi ya mbuzi.

Walongo. Wenyeji wa Geita na Biharamulo huenda mmeshalisikia hilo jina, wengine watasema Barongo. Mtu akisikia anadhani ni kabila. Hawakuwa kabila kama tunavyozoea kuyahesabu makabila. Walikuwa zaidi chama cha kazi, watu wa asili tofauti waliounganishwa na tanuru. Uliingia kwa kujifunza na kukubaliwa, ukafuata miiko. Tanuru kwao lilikuwa kama mwanamke mwenye mimba na chuma ndiye mtoto anayezaliwa, kwa hiyo kazi yote ilizungukwa na dawa na makatazo. Kuna watakaosema huo ni ushirikina. Mimi naona kuna jambo jingine pia: ukiwa na kazi ambayo kosa dogo linaharibu makaa ya siku nyingi, miiko inawafanya watu wote wakae makini kwa wakati mmoja. Maabara zetu nazo zina koti jeupe na "usile humu ndani".

Chuma chao na cha wenzao wa Usumbwa na Buha hakikuishia kwenye mikuki. Kilikuwa majembe. Jembe lilikuwa mali, lilikuwa sehemu ya mahari, lilikuwa kama fedha ya kubadilishia mbuzi na nafaka. Afisa mmoja wa Kijerumani alikadiria kwamba mwaka 1891 majembe kama 150,000 yalipita kwenye soko la Tabora. Laki moja na nusu! Kila moja limepigwa kwa nyundo na mtu ambaye jina lake hatulijui. Unapofundisha kwamba Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wakulima hodari, mhunzi yumo ndani ya hiyo sentensi hata kama hujamtaja.

Mmoja tu wa ziwani namfahamu kwa jina kutoka zama hizo, naye ni wa ng'ambo, Buganda. Nuwa Walukaga, mhunzi wa Kabaka. Bunduki ziliingia kwa kasi Buganda baada ya Speke kufika kwa Mutesa mwaka 1862, na wahunzi wa ikulu wakawa watu muhimu. Walukaga alijiunga na wasomaji wa Kianglikana, akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, enzi za Mwanga. Angalieni ubaya wa jambo hili: jina la mhunzi limehifadhiwa kwa sababu ya kifo chake. Angekufa kwa uzee karakanani, angekuwa kama wenzake wa Tabora.

Kazi ilikufaje? Si kwa siku moja. Majembe ya Ulaya yakaja kwa meli na reli, bei ya chini. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1890 ukabana bunduki na baruti kuingia Afrika, na bunduki mpya za risasi zenye ganda zikamfanya mhunzi wa gololi asiwe na la kufanya. Tawala za kikoloni nazo zilitaka watu mashambani na kwenye kodi, si misituni wakichoma makaa. Wahunzi wakabaki wanafua vyuma chakavu. Kuyeyusha mawe yenyewe kukawa kumbukumbu za wazee.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuja Buhaya mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt. Badala ya kuanza na jembe alianza na kusikiliza. Wazee wa Katuruka, upande wa Maruku, walimsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe na chuma chake, jinsi alivyotaka mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na wakamwonyesha mti mtakatifu mahali panapoitwa Kaiija. Alipochimba pale mwaka 1970, chini yake yalitoka mabaki ya uhunzi ya zaidi ya miaka 2,000. Jamani. Simulizi ilikuwa imeishikilia sehemu ileile. Mfalme ni wa karne ya 17, tanuru ni la kale mno kuliko yeye, lakini watu hawakusahau kwamba hapa ni pa chuma.

Hilo peke yake lingetosha. Ila mwaka 1976 Schmidt akarudi, akawa pamoja na mhandisi wa Chuo Kikuu cha Brown, Donald Avery, na wazee wa Kihaya wakakubali kuyeyusha tena mbele yao. Fikirini vizuri kilichoombwa hapo. Wazee hao walifanya kazi hiyo wakiwa vijana, wengine wakiwa wasaidizi tu, na ilikuwa imepita kama miaka 50. Hakuna kitabu. Kosa linaonekana mbele ya wageni na mbele ya wajukuu. Na ni elimu iliyokuwa ya siri.

Majaribio ya mwanzo hayakwenda sawa. Wakajadiliana, huyu anakumbuka udongo, yule anakumbuka matete, mwingine anakumbuka pembe ya kuweka mirija. Wakarekebisha, wakajaribu tena, mpaka wakapata. Shimo likasakafiwa kwa udongo wa kichuguu, likajazwa matete ya bwawani yaliyochomwa. Juu yake likapanda tanuru la udongo na mavi ya chuma ya zamani (ndivyo yanavyoitwa, msicheke), urefu kama mita moja na nusu hivi. Mirija minane ya udongo ikaingizwa ndani, kila mmoja na mvukuto wake, na watu wakavukuta kwa zamu wakiimba. Joto lililopimwa lilizidi nyuzi 1,800. Kilichotoka hakikuwa chuma kibovu, kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua. Majani yale ya bwawani yalichangia hiyo kaboni. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Science, Septemba 1978.

Wataalamu wamebishana tangu wakati huo. Schmidt na Avery walisema mirija iliyoingia ndani ilipasha hewa joto kabla haijafika kwenye moto, jambo ambalo Ulaya ililigundua karne ya 19. Wengine, kama David Killick, wamesema ushahidi hautoshi kusema hivyo. Waacheni wabishane, ndiyo kazi yao. Pande zote mbili zinabishana juu ya tanuru ambalo wazee walilijenga kwa kumbukumbu, na kwenye orodha za waandishi majina ni ya maprofesa. Mimi hapo ndipo roho inaponiuma. Tunasema "Schmidt aligundua". Schmidt alifundishwa, na kwa haki yake maandishi yake hayafichi kwamba alifundishwa. Sisi ndio tunaofupisha kwenye notisi za kudesa.

Walikuwa wamebahatika na muda, na hawakujua. Mwezi mmoja baada ya makala ile kutoka, Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Risasi zikafika Buhaya kwa namna nyingine kabisa. Halafu mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania wakatambuliwa Kagera, katika Hospitali ya Ndolage. Miaka iliyofuata kila mtu wa kule anaijua kwa idadi ya makaburi kwenye migomba. Ule ugonjwa ulichukua hasa watu wa makamo, wale ambao mzee angewaachia maneno na wao wangewaachia watoto. Mnyororo ukakatika katikati. Kama wale wazee wangesema "subirini kidogo", au "hii ni siri yetu", leo tungekuwa na vipande vya mirija na mabishano matupu.

Katuruka wenyewe hawakukaa kimya. Karibu mwaka 2008 wanakijiji walianza kukusanya upya simulizi zao na kuitengeneza sehemu ile iwe ya urithi wa kutembelewa, na katika kutafuta wakagundua kwamba mambo mengi waliyodhani yamepotea yalikuwa kwa akina mama wazee, ambao kwa muda mrefu hakuna aliyewauliza. Watafiti walikuwa wanakwenda kwa wanaume. Chuma ni kazi ya wanaume, si ndiyo tunavyofundishwa?

Sisi wanne wa darasa letu la Historia tumekubaliana, bumu likitoka tunapanda meli ya Bukoba usiku, asubuhi tunatafuta usafiri wa Maruku. Mmoja ana kinasa sauti. Jirani yangu wa sufuria ameomba tumletee kipande cha mavi ya chuma akikague kwa macho yake. Nimemwambia kuchukua kitu kwenye eneo la urithi hairuhusiwi, tutampigia picha. Akasema picha haina uzito, ila tupige hivyo hivyo, na tuweke kidole pembeni ili ajue ukubwa.